Kikaratasi Chini ya Nondo

"Usitikisike!"

Sikudhani alitikisika. Nani asiyetikisika akiambiwa hivyo na mwanamume asiyemjua, mbele ya duka la Walji, katikati ya Mohoro, saa moja ya asubuhi, watu wamejaa kama siku ya Idi?

"Bibie, nimesema usitikisike."

"Na mie nasema uondoe chupa yako begani pangu."

"Si begani pako. Ni kwenye mkeka. Tulia kidogo tu, yupo hapo hapo."

Watu walisimama kutazama. Wamatumbi walioteremka na tumbaku yao walisimama, Wandengereko wenye vikapu vya mpunga walisimama, hata askari wa boma aliyekuja kununua sabuni alisimama. Kijana alikuwa na kanzu nyeupe iliyotiwa buluu, kofia ya vito imekaa upande, na kiunoni mfuko wa ngozi uliogongana gongana kwa chupa. Alisogeza mdomo wa chupa polepole kwenye mkeka uliokunjwa begani pa msichana, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

"Haya. Kaingia."

Aliinua chupa juani. Ndani mlikuwa na mdudu mdogo wa rangi ya majivu, hata ukucha wa kidole cha mwisho ni mkubwa kuliko yeye.

"Huyo?" Sikudhani aliuliza. Alikuwa amevaa leso mbili nyekundu, mpya, bado zinanuka duka, na nywele zake zilisukwa mistari minane iliyonyooka. "Umenisimamisha mbele ya kadamnasi kwa ajili ya nondo?"

"Ndiyo."

"Nondo mie ninao nyumbani, wanakula nguo zangu. Njoo na gunia. Unawapeleka wapi?"

"Ulaya."

Alicheka mpaka mikeka ikamponyoka. "Mama mdogo, umesikia? Ulaya hawana nondo!"

Mama yake mdogo, Mwantum, hakucheka. Aliokota mikeka, akaikung'uta mmoja mmoja, akamtazama yule kijana tangu kofia hadi viatu vya makubazi.

"Hawana huyu," kijana alisema. "Naitwa Mwinjuma. Na wewe je?"

"Mie naitwa mwenye mkeka."

Walji alichungulia juu ya mizani yake. "Bibi, usimwogope. Huyu ni mtu wa Bwana Nondo. Hamdhuru mtu, wadudu tu."

Bwana Nondo ndilo jina ambalo Mohoro ilimpa Mdachi mmoja, Mjerumani wa misitu. Kazi aliyotumwa ni kuhesabu mikoko ya kule Salale, kwenye delta, lakini roho yake ilikuwa kwa nondo. Aliwasha taa barazani kwake kila jioni, na alfajiri Mwinjuma aliwaokota waliobaki ukutani, akawachoma pini, akawanyoosha mabawa, akawaandikia vikaratasi. Mwinjuma alianza kazi hiyo kwa kubeba sanduku. Baada ya miaka miwili alikuwa anajua nondo kuliko alivyojua jamaa zake.

Huo ulikuwa mwezi wa sita, mwaka elfu moja mia tisa na tano.

Siku ya tatu Sikudhani alipita kwenye ile baraza, eti anauza mikeka. Siku ya tano alipita tena. Siku ya nane hakubeba mkeka hata mmoja.

"Leo unauza nini, mwenye mkeka?"

"Nauza macho. Nipe hicho kioo chako nione."

Mwinjuma alimpa kioo cha kukuzia. Juu ya meza kulikuwa na kijisanduku cha bati, ndani kimetandazwa kiini chepesi cha mti wa mwale, na kwenye kiini nondo watatu wamesimama juu ya pini. Harufu ya kafuri ilipanda puani.

"Wa kushoto nilimshika Kibiti, njiani," Mwinjuma alisema. "Wa kulia ni wa delta, kiwavi wake anakula majani ya mchu, ule mkoko mweupe. Bwana Nondo anasema hawana udugu. Na mie nasema ni ukoo mmoja."

"Kwa nini asema hivyo?"

"Tazama papasi za huyu wa Kibiti, hizi pembe za kichwani. Ni kama chanuo. Za huyu wa delta ni kama uzi mtupu. Sasa tazama mshipa wa bawa. Huyu wa delta mshipa wake wa tano umegawanyika panda, wa Kibiti umekwenda moja kwa moja. Ulaya wanapanga koo kwa papasi na mishipa. Hawa wawili hawapatani kwa lolote kati ya hayo."

Sikudhani alitazama muda mrefu. Alikuwa msukaji. Tangu ana miaka saba alikuwa akikaa na ukindu mapajani, na kila ukili ulikuwa na njia yake na jina lake. Macho yake hayakwenda kwenye papasi wala mishipa.

"Mstari wao ni mmoja," alisema.

"Mstari upi?"

"Huu mweusi unaopita bawani. Umeanza juu, umevuka mbili, umeruka moja, umevuka mbili. Wote wawili. Huyo wa Kibiti kasukwa kwa mkono mzito, huyo wa delta kwa mkono mwepesi, lakini aliyewafundisha ni mmoja."

Mwinjuma alimnyang'anya kioo. Alitazama. Alikaa chini kwenye sakafu.

"Na wa katikati?" aliuliza Sikudhani.

"Wa katikati ni wa kwako. Yule wa begani."

"Begani au kwenye mkeka?"

"Kwenye mkeka. Mtazame."

Nondo wa Sikudhani alikuwa na papasi za chanuo kama wa Kibiti, na mshipa wa tano ulikuwa na panda kama wa delta. Na mstari ni ule ule: mbili, moja, mbili.

"Basi huyu ndiye anayewaunganisha," alisema.

"Huyu. Bila huyu wale wawili ni wageni. Pamoja na huyu ni ukoo mpya, ukoo mdogo wa watu watatu, ambao hakuna mtu duniani aliyeuandika. Sikudhani, roho yangu, unajua ulichokuwa umebeba siku ile?"

"Roho yako tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nije na gunia."

Kuanzia hapo waliandika pamoja. Mwinjuma alishika kalamu, Sikudhani alishika kioo.

"Andika rangi," alisema.

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Majivu ni majivu, laazizi."

"Weye! Hujawahi kupika? Majivu ya kuni za mkandaa yana wekundu. Majivu ya makumbi ya nazi ni meupe. Huyu ni majivu ya makumbi yaliyonyeshewa mvua usiku. Andika hivyo hivyo."

"Wadachi hawatajua makumbi."

"Waje wajifunze. Haya, akikaa anakaaje?"

"Mabawa kama paa, miguu ya mbele kainyoosha."

"Kama anayeomba dua. Andika."

Mwinjuma aliandika. Kila alichosema alikiandika, kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kidachi upande wa pili, na jioni alimsomea Bwana Nondo, na Bwana Nondo aliguna akisema ngoja, ngoja tuone. Lakini aliacha kusema hawana udugu.

Walikuwa na simu yao pia. Waya wa serikali ulipita Mohoro ukaelekea kusini, umeshikwa na nguzo za mikoko. Nguzo moja ilisimama nje ya baraza ya Bwana Nondo, ya pili ilikuwa nyuma ya nyumba aliyofikia Sikudhani na mama yake, Johari, kila walipokuja kutoka Chumbi kuuza mikeka. Mtu akiigonga nguzo moja kwa jiwe, mwenye sikio kwenye ya pili alisikia. Mwinjuma aligonga mara tatu kila asubuhi. Sikudhani alijibu mara mbili.

"Leo nilikupigia simu hukuitika," Mwinjuma alimwambia siku moja.

"Nilikuwa napaka hina. Ulitaka kusema nini?"

"Habari za asubuhi."

"Basi hiyo ndiyo simu ya kunipotezea wakati?"

"Na posa. Nilitaka kusema sanduku likishafungwa likaenda Ulaya, namleta mjomba wangu kwa mama yako."

Sikudhani alitazama hina yake. Ilikuwa imeshika vizuri, nyeusi ya kupendeza. "Mama atataka kujua una kazi gani. Nikimwambia anachoma nondo pini, atanifunga kamba."

"Kitendawili," alisema Mwinjuma.

"Usinigeuzie maneno. Haya, tega."

"Kafa, hana ulimi, lakini ukimuuliza alikotoka anakwambia."

"Kaburi?"

"Kaburi linakwambia alipo, si alikotoka."

"Ngozi ya ngoma."

"Ngoma inalia tu. Umeshindwa. Nipe mji."

"Sikupi! Mji haupatikani bure. Nitafikiri mpaka kesho."

"Kesho ukishindwa unanipa mji mzima, na wakazi wake."

"Kesho," alisema Sikudhani, akaondoka anacheka, leso inaburuzika nyuma.

Kesho yake alikuja na Mwantum, wamebeba mkeka ambao Bwana Nondo aliuagiza. Ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Mwinjuma alikuwa amekwenda mtoni kupokea masanduku. Kijisanduku cha bati kilikuwa wazi mezani, kimeanikwa kipate upepo. Siku hizo mji ulikuwa unanong'ona. Huko milimani watu walikuwa wanakunywa maji ya dawa, kila mtu anamuuliza mwenzake ana dawa gani, na dawa ya nani ina nguvu kuliko ya nani. Hata kununua hirizi kulikuwa kumetiliwa shaka: unajikinga na nani?

Mwantum alisoma chuoni akafika juzuu ya tatu. Aliinama juu ya sanduku. Chini ya kila nondo, kwenye pini ile ile, palikuwa na kikaratasi kidogo kama ukucha.

"Sini," alisoma kwa kidole. "Ya. Kafu." Akanyamaza. Akaanza tena toka mwanzo. Akanyooka. "Mwanangu. Hili ni jina lako."

"Jina langu lipi?"

"Una mangapi? Sikudhani. Limechomwa pini. Na juu yake maiti."

Maneno mengine yalifuata baada ya jina, lakini Mwantum hakuendelea kusoma. Alikwisha rudi nyuma hatua tatu, anasoma Ayatul Kursiy.

Sikudhani alingoja aogope. Hakuogopa. Alihisi tu kwamba mikono yake imekuwa ya mtu mwingine, na ile mikono ya mtu mwingine ikamnyanyua nondo na pini yake, ikachomoa kikaratasi, ikamrudisha nondo mahali pake vizuri, bila kumvunja hata unyoya wa bawa. Kisha ikashuka ngazi za baraza pamoja naye.

Jioni ile Johari alifunga mizigo. Wakarudi Chumbi. Mganga wa Chumbi alikikunja kile kikaratasi, akakishona ndani ya ngozi nyeusi, akamfunga Sikudhani mkononi.

"Jina lako ulibebe mwenyewe," alisema. "Asilishike mtu mwingine."

Mwinjuma aligonga nguzo siku tatu. Siku ya nne alikwenda Chumbi kwa miguu. Alimkuta Johari anapepeta mchele uani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sina karibu ya kukupa, baba. Rudi ulikotoka."

"Nimekosa nini, mama?"

Johari aliendelea kupepeta. Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa makuti.

"Mwinjuma. Jina langu lilikuwa linafanya nini kwenye pini?"

"Ni kikaratasi, Sikudhani! Kila nondo ana chake. Kinasema mahali, siku, na nani kamshika."

"Wale wengine wana jina la nani?"

"Langu. Maana niliwashika mie. Yule alikuja kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nikuonyeshe siku ya kufunga sanduku. Jina lako liende Ulaya, lisomwe. Nilidhani utafurahi."

"Mwanangu asomwe na Wadachi, amechomwa pini na mdudu mfu," alisema Johari akiuambia ungo. "Afurahi."

"Naapa kwa Mungu, mama, hakuna dawa pale. Ni kazi."

Mchele ulikuwa unaruka, unatua, unaruka.

"Usiandike jingine," alisema Sikudhani.

"Bila kikaratasi yule nondo si kitu. Ulaya hawampokei. Hawajui katoka wapi, hawamhesabu. Na bila yeye wale wawili hawaungani. Ukoo wote unakufa."

"Usiandike jingine."

Mwinjuma alitazama ule ukuta. Palikuwa na tundu kati ya makuti, na ndani ya tundu palikuwa na jicho la Sikudhani.

"Sitaandika," alisema. "Nakuahidi."

Aliondoka. Sikudhani alimtazama mpaka kanzu ikawa nukta. Alitaka kulia ili jambo lile liishe, lakini machozi hayakuja, akaenda kuchota maji.

Baada ya wiki mbili vita vilianza. Waya wa simu ulikatwa, nguzo zikang'olewa. Watu wa Chumbi walikimbilia porini, wakarudi, wakakimbia tena. Wapiganaji walipita wakachukua mpunga. Askari walipita wakachoma uliobaki ili wapiganaji wasiupate. Sikudhani aliona ghala lao linaungua asubuhi moja na alichofikiri ni kwamba moshi wa mpunga unanuka kama wali ulioungulia, jambo dogo la jikoni. Hakusuka mkeka tena. Hapakuwa na wa kununua, na ukindu ulikuwa mbali, na mbali kulikuwa na watu wenye bunduki.

Mwaka uliofuata walikula ndiga. Mizizi ile ukiiloweka siku chache inaua, ukiiloweka siku nyingi umekufa njaa ukisubiri. Johari hakusubiri vya kutosha. Alizikwa kwa leso moja ya mwanawe, ya zile nyekundu, bila sanda, bila kafuri. Sikudhani alimwosha mwenyewe. Mikono ilikuwa ile ile ya mtu mwingine, na ilifanya kazi vizuri.

Mohoro nako, Bwana Nondo alikuwa anafunga mizigo aende kwao.

"Andika kikaratasi kingine," alimwambia Mwinjuma. "Andika jina langu. Nani atajua?"

"Mie nitajua, bwana. Hukumshika wewe."

"Andika lako basi."

"Sikumshika mie. Na mwenyewe kanikataza kuandika la kwake."

"Mwenyewe! Vijiji vyote vimeungua, huyo mwenyewe labda hayupo tena duniani. Ni kikaratasi tu."

"Niliahidi, bwana."

Bwana Nondo aliwachomoa wale wawili, wa Kibiti na wa delta, akawatia sandukuni mwake. Wa katikati alimwacha. "Nondo asiye na kikaratasi ni vumbi," alisema. "Kaa na vumbi lako." Kazi ikaishia hapo.

Ilipita miezi, ikaja barua moja kutoka Ulaya kupitia boma. Karani aliisoma haraka: wale wadudu wawili hawana udugu, kila mmoja amewekwa kwenye ukoo wake wa zamani, ahsante. Mwinjuma alisema vyema. Siku hiyo alikula, akalala, akaamka kama kawaida.

Sikudhani aliingia Mohoro mwaka elfu moja mia tisa na saba, mwezi wa pili, kwa kuwa walisema Walji amepata mchele wa kutoka Bombei. Kaniki yake ilikuwa imepauka mpaka haina rangi ya kuitwa jina. Nywele alizikata. Duka la Walji lilifunguliwa upande mmoja, upande wa pili umezibwa na mbao.

"Mwenye mkeka!" Walji alisema, akasimama. Kisha akaona mkono uliokonda uliotoka kwenye kaniki, akakaa. "Mama yako hajambo?"

"Kafa."

"Mungu amrehemu. Ngoja, ngoja nikupe uji kwanza." Akamgeukia mkewe: "Mama yake Kaniz! Leta uji!"

Alikunywa uji amesimama. Alishukuru. Hakumuuliza Walji habari za mtu yeyote, wala Walji hakuthubutu kusema. Alitoka, akatembea mpaka jua lilipomchosha, akaegemea kitu kilichokuwa karibu. Ilikuwa nguzo mpya ya mkoko, bado ina gome. Serikali ilikuwa inatandaza waya upya.

Aliweka kichwa kwenye mti apumzike. Mti ukagonga. Mara tatu.

Sikudhani hakufikiri lolote. Fundi yuko juu ya nguzo ile nyingine, anapigilia misumari, mafundi hugonga. Mkono wake uliokota jiwe. Mkono ukajibu mara mbili, kabla yeye hajaulizwa.

Mtu aliteremka kwenye nguzo ya pili, upesi mno, akaanguka hatua za mwisho, akaja anachechemea. Hakuwa na kanzu. Alikuwa na suruali iliyofungwa kamba, na nyundo mkononi. Ndevu zilikuwa zimeota bila mpango.

Walitazamana.

"Umekonda," alisema Mwinjuma.

"Na wewe umeota ndevu za mbuzi."

"Ninazo tangu lini, hata sikumbuki."

"Unagonga nguzo zote hivyo?"

"Zote. Kila ninayoisimamisha. Mara tatu. Tumetoka Kibiti tunagonga. Wenzangu wanadhani ndivyo serikali ilivyoagiza, nao wanagonga."

Ingekuwa zamani, Sikudhani angecheka mpaka mzigo umponyoke. Sasa aliona tu kwamba hapo ndipo kicheko kingekaa.

"Mama kafa," alisema.

"Inna lillahi. Lini?"

"Mwaka jana. Ndiga."

"Mjomba wangu naye kafa. Kule Kibata."

"Posa ataileta nani basi?" alisema Sikudhani. Maneno yalitoka yenyewe, kavu, kama ya mtu anayeuliza bei. Wote wawili waliyasikia.

"Twende kivulini," Mwinjuma alisema. "Kuna kitu chako."

Mwinjuma alikuwa akilala kwenye kibanda cha mafundi, nyuma ya boma. Kutoka chini ya mkeka aliokuwa akilalia, mkeka mzee wa ukindu ambao Sikudhani aliutambua kwa mshono, alitoa kijisanduku cha bati. Alikifungua. Kafuri ikapanda.

Sikudhani alisimama pale pale.

"Kafuri umeipata wapi?"

"Kwa Walji. Kipande kimoja kila miezi sita. Bila hivyo sisimizi wanammaliza."

"Mama alizikwa bila kafuri."

Mwinjuma alikitazama kile kipande cheupe, kidogo kama punje ya hindi. Alikishika kwa vidole viwili akamnyooshea.

"Chukua. Tutakwenda Chumbi, tutakiweka juu ya kaburi."

"Na nondo?"

"Aliwe. Kwani ni nani? Ni vumbi."

Sikudhani alimtazama nondo. Alikuwa peke yake katikati ya kiini cha mwale, kushoto tundu, kulia tundu. Mabawa yamenyooka. Majivu ya makumbi yaliyonyeshewa mvua. Mbili, moja, mbili. Chini yake, kwenye pini, hapakuwa na kitu.

"Miaka miwili hukuandika," alisema.

"Ulinikataza."

"Na wale wengine?"

"Ulaya wamewatenganisha. Wamesema si ndugu."

"Wajinga."

"Ndivyo nilivyosema na mie. Sikusema kwa sauti."

"Na kazi?"

"Iliondoka kwa ajili hiyo hiyo. Si neno. Nguzo nazo ni kazi."

Sikudhani alirudisha mkono wa Mwinjuma taratibu mpaka kafuri ikaanguka tena sandukuni. "Acha. Mama hakupenda vitu vya kuazima." Kisha akakaa kwenye mkeka, akakunja kaniki mpaka begani, akaanza kuuma uzi wa hirizi kwa meno. Ngozi ilikuwa imekakamaa kwa jasho la miaka miwili. Mwinjuma alimpa pini moja, akapasua mshono nayo.

Kikaratasi kilianguka mapajani. Kilikuwa cha manjano, kimekunjamana, lakini wino haukutoka.

"Nisomee," alisema. "Chote. Mama mdogo alisoma nusu."

Mwinjuma alikisogeza karibu na mlango palipo na mwanga. "Sikudhani binti Bushiri ndiye aliyemshika. Kwenye mkeka wake mwenyewe. Soko la Mohoro, mwezi wa sita." Akageuza. "Upande huu ni yale yale kwa Kidachi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Nje wenzake Mwinjuma walikuwa wanagonga nguzo: tatu, wanapumzika, tatu.

"Nimekibeba wakati wote," alisema Sikudhani. "Ghala linaungua, ninacho. Namwosha mama, ninacho. Nilidhani najikinga na wewe."

Mwinjuma alikuwa ameshika kioo cha kukuzia, kimepasuka katikati, na hakuwa na la kutazama.

"Nipe huyo nondo."

"Ni mkavu sana, Sikudhani. Ukimgusa tu..."

"Mie ndiye niliyemchomoa, sikumvunja. Nipe."

Alimpa. Sikudhani alikunjua kikaratasi kwenye goti, akakilainisha kwa kidole gumba, akamnyanyua nondo na pini yake, na kwa mikono ile ile akapitisha ncha ya pini katikati ya karatasi, mbali na jina. Akamsimamisha kwenye kiini cha mwale. Alipomaliza alivikunja vidole, akavikunjua. Alivitazama. Vilikuwa vyake.

"Sasa anaweza kwenda Ulaya," alisema Mwinjuma.

"Ataandikiwa na nani?"

"Na sisi. Wewe shika kioo."

"Kimepasuka."

"Upande mmoja bado unaona."

Sikudhani alifuta uso kwa ncha ya kaniki, ingawa hapakuwa na cha kufuta, au kilikuwepo kidogo.

"Kile kitendawili," alisema. "Kafa, hana ulimi, lakini ukimuuliza alikotoka anakwambia."

"Umekipata?"

"Nimekipata, ndiye huyu kwenye pini. Lakini nilisema kesho, na kesho imepita zamani. Nimeshindwa. Nakupa mji."

Mwinjuma aliweka kioo chini. "Mji gani?"

"Mohoro."

"Mji mzima?"

"Na wakazi wake," alisema Sikudhani. "Waliobaki."